Sauti ya mama mkubwa ilikuwa ndani ya redio mbovu

Kila mtu ana ugonjwa wake, mpenzi msomaji. Kuna wagonjwa wa Simba na Yanga, timu ikifungwa hata ugali haupiti kooni. Kuna wagonjwa wa viatu, wagonjwa wa magari, na wale wagonjwa wa nyumba ndogo ambao leo tuwaache na mambo yao. Mimi ugonjwa wangu ni redio za zamani. Pleya za santuri, amplifaya zenye uso wa chuma kinachong'aa, deki za kaseti, spika za mbao ambazo kuzihamisha lazima umwite jirani. Nikiona mashine ya namna hiyo imesahauliwa uvunguni mwa kitanda cha mtu, moyo unanipiga paa kama kijana mwenzangu anavyoshtuka akiona mtoto mzuri anakatiza mtaa.

Hapa Dar nimepanga chumba kimoja. Robo ya chumba ni kitanda, robo tatu ni redio. Nina amplifaya ya Sansui ya miaka ya 1970, pleya ya Garrard iliyotoka Uingereza, na deki mbili za Sony, moja nzima na moja ya kung'olea vipuri. Mwenye nyumba anaamini nimefungua gereji. Washkaji wakija wananichonga: "Mwanangu, nyimbo elfu kumi zinaingia kwenye simu, sasa haya masanduku ya nini?"

Jibu langu siku zote lilikuwa sauti. Santuri ina mfereji mmoja tu, unaanza pembeni na kuzunguka mpaka karibu na katikati. Sindano inatembea humo ikitikisika, na mtikisiko huo ndio wimbo. Ukiusikia kwenye spika nzuri, besi inakugusa kifuani na gitaa unalisikia limesimama peke yake kulia kwako. Simu haikupi hilo, bwana. Lakini mwaka 2022 nilipata jibu jingine, tena nililipata Vidunda, kwa bibi mzaa mama.

Kwa wasiopafahamu, ukitoka Dar unashika barabara ya Zambia, unapita Morogoro, unakatiza mbuga ya Mikumi ambako tembo wanaweza kukusimamishia basi bila kuwa matrafiki. Ukifika mji mdogo wa Mikumi unakata kushoto, njia ya Ifakara. Mbele kidogo ni Kidodi, na milima ile inayokukodolea macho ndiyo ya Wavidunda. Kutoka bondeni unapanda bodaboda mpaka igome, kisha unamalizia kwa miguu yako uliyozaliwa nayo.

Kule bondeni ni miwa, mashamba ya sukari ya Kilombero. Babu alifanya kazi ya miwa tangu miaka ya 1960, na kama vijana wengi wa mshahara wa wakati ule, akanunua muziki. Usisahau, Morogoro ya enzi zile haikuwa mji wa kupitia tu. Ndiyo maskani ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965. Ndiyo maskani ya Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi iliyokwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mbaraka baadaye akawa na Super Volcano yake, mpaka ajali ya gari ilipomchukua huko Mombasa mwezi Januari 1979. Santuri nyingi za bendi zetu zilichapwa Kenya kisha zikarudi kuuzwa huku. Televisheni Bara haikuwepo mpaka mwaka 1994. Ukitaka burudani ungoje Radio Tanzania ikupigie, au uwe na pleya yako.

Babu alikuwa na yake. Philips ya kubeba mkononi kama mkoba, mfuniko wake ndiyo spika, inatumia mawe makubwa sita. Pamoja nayo kulikuwa na sanduku la santuri ndogo za mizunguko 45, nyingine na bahasha zake za karatasi. Alifariki mwaka 2021, na mwaka uliofuata mjomba akanipigia simu.

"Mjomba, wewe si ndiyo fundi wa haya madude?"

"Naam mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Kuna mtu kutoka mjini ametoa laki nne kwa ile pleya ya mzee na santuri zake. Anasema ikiimba anaongeza. Njoo uifufue, bibi yako apate bati. Nyumba inavuja."

Naomba unielewe vizuri, msomaji. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo neno la mjomba ni zito. Na bati ni bati, mvua ya milimani haina masihara. Lakini mimi tangu nikiwa mtoto nilikuwa nimeipigia hesabu ile Philips. Nikapanga begi langu la ufundi, nikapanda basi nikiwa na mipango miwili kichwani, wa mjomba na wangu.

Nilifika jioni. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekonda, hao wanawake wa Dar hawapiki?"

Ndiyo salamu yetu. Tulipomaliza utani nikaomba kuiona pleya ya babu. Nilitegemea machozi kidogo, kumbukumbu za ujana, wawili hao wakicheza rumba chini ya mwezi. Wapi! Bibi akaisukuma kwa mguu kutoka uvunguni.

"Hiyo hapo. Huyo alikuwa mke mwenzangu."

"Mke mwenzio, bibi?"

"Mwaka aliomleta sikupata kanga. Kila mshahara mawe sita, kila mshahara sahani ya kuimba. Marafiki wanakuja wanakunywa pombe yangu wanasikiliza muziki wake. Mchukue, muuze, mchome moto, mimi sina neno naye."

Sisi wapenzi wa mashine za zamani tuna tabia ya kuzipaka asali, kwamba kila pleya ilikuwa furaha ya familia. Bibi yangu alinipa hesabu ya upande wa pili, ya kanga ambazo hazikununuliwa. Nikanyamaza, maana hesabu yenyewe ilikuwa sahihi.

Kisha akaingia ndani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kanga kuukuu. Akakifungua taratibu kama anafungua mtoto mchanga. Redio kaseti ya National, ile ya mkono wa kubebea juu, spika moja, mawe manne.

"Kama ni fundi kweli, tengeneza huyu."

Ndani ya mlango wa kaseti niliiona kaseti ya dakika 60, haina maandishi. Bibi hajui kusoma. Kwa hiyo mwaka 1988 binti yake mkubwa, yaani mama mkubwa wangu, aliyekuwa ameolewa Tabora, hakumwandikia barua. Alikaa mbele ya redio akazungumza upande mzima, akampa msafiri kaseti ailete Vidunda. Barua za namna hiyo zilikuwa kawaida kwa watu wengi. Haikuhitaji kumwita mwanafunzi wa darasa la saba akusomee siri zako. Mama mkubwa alifariki mwaka 1996. Redio nayo ikagoma muda si mrefu baadaye. Kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano bibi alikuwa na sauti ya mwanawe ndani ya nyumba na hakuweza kuisikia. Hakumpa fundi yeyote wa Kidodi wala wa Ruaha, akiogopa kaseti isirudi.

Pleya ya babu nikaiweka pembeni. Mipango yote miwili ikangoja.

Kwanza sikubonyeza chochote. Mashine iliyolala miaka mingi huamshwi kwa kofi. Nilifungua mlango, nikachungulia. Bahati njema kitufe cha kupiga kilikuwa kimeachiwa, kwa hiyo utepe haukubanwa na gurudumu la mpira kwa miaka yote hiyo. Nikaitoa kaseti. Kipande kile chenye kitambaa laini, kinachousukuma utepe uguse hedi, kilikuwa kimebanduka, na utepe ulikuwa na ukungu mweupe pembeni. Gamba lake lilikuwa la skrubu tano. Hapo nilishukuru, maana yale yaliyogundishwa lazima uyapasue. Nikafungua, nikafuta ukungu kwa pamba kavu, nikahamishia utepe wenyewe kwenye gamba la kaseti nyingine niliyotoka nayo Dar. Kisha nikauzungusha wote kwa kalamu ya biki, kwenda na kurudi, taratibu, uachane pale uliposhikana. Wazee wanaoikumbuka kalamu ile najua hapa wametabasamu.

Redio yenyewe ilikuwa na mambo mawili. Mawe ya zamani yalivuja yakala springi, nikasugua kwa msasa na kuunga waya mpya. Pasi yangu ya risasi inataka umeme, na kwa bibi umeme ni kitaa cha sola. Ajabu ya kwetu hiyo. Bwawa la Kidatu, megawati 204, halipo mbali na Kidodi, na tangu mwaka 1975 linapeleka umeme kwenye miji, lakini mimi nilichomea risasi kwa kipande cha shaba nilichokipasha kwenye jiko la mkaa. Kazi ikakubali.

Jambo la pili ni belti. Mpira wake ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami, umeganda kwenye magurudumu yote. Saa nzima nilisafisha kwa spiriti na pamba. Belti ninazo begi zima, ninazokota Kariakoo kwenye deki zilizokufa. Nikajaribu nne, ya tano ikakaa.

Hapa inabidi nikueleze kitu kuhusu mwendo, maana ndipo ngoma yote ilipokuwa. Mashine ya sauti ikizunguka haraka au polepole kuliko inavyotakiwa, si muda tu unaobadilika, sauti yenyewe inabadilika. Chukua pleya inayokuja na kontena la mtumba kutoka Marekani. Umeme wa kule hupiga mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50. Kama mota yake inafuata mapigo ya umeme, hata ukiipa volti zake sahihi itazunguka chini ya mara 28 kwa dakika badala ya 33 na theluthi, na mwimbaji anakuwa kama amelewa gongo. Japani ndiyo kiboko. Volti zao 100, upande wa Tokyo unapiga 50 na upande wa Osaka 60. Kaseti nayo ina mwendo wake dunia nzima, sentimita 4.76 kwa sekunde. Mota za redio nyingi zina kitundu kidogo nyuma, ndani yake kuna kiskrubu. Ukikizungusha, mwendo unapanda au unashuka. Dar huwa nina kaseti ya kupimia. Vidunda sikuwa nayo.

Usiku nikatia mawe mapya, nikabonyeza. Ikatoka sauti nene, nzito, inavuta maneno.

Bibi akakunja uso. "Huyo mwanaume ni nani?"

Nikaingiza bisibisi, nikazungusha kidogo. Sauti ikapanda ikawa nyembamba kama ya katuni. "Huyo mtoto," bibi akasema. Nikarudisha. "Bado." Nikagusa tena, nywele moja tu. Mimi sauti ya mama mkubwa siikumbuki, nilikuwa mdogo mno alipofariki. Kipimo changu kilikuwa uso wa bibi kwenye mwanga wa kile kitaa.

"Ngoja," akasema. "Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Hapo hapo, usiguse tena!"

Nikaweka bisibisi chini.

Kaseti ilikuwa ya Kividunda, na Kividunda changu cha mjini ni cha kuombea maji. Lakini salamu nilizielewa. Mama mkubwa alisalimia mtu mmoja mmoja, kuanzia bibi, halafu babu, halafu wajomba, halafu majirani, wengi wao wameshatangulia. Kila salamu bibi aliijibu. Hakulia. Aliitikia, moja baada ya nyingine, kama anaongea na mtu aliyeketi mkekani. Katikati ya maneno mtoto akasikika analia upande wa Tabora, na mama mkubwa akacheka, akaendelea.

Ilipoisha akaniambia nigeuze. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Tukaurudia wa kwanza.

Asubuhi nilivunja vile vijimeno viwili vya juu ya kaseti ili mtu asije akabonyeza kurekodi akafuta. Nikairekodi kwenye simu pia. Nilipofika kwenye mtandao nikaituma Tabora kwa binamu yangu, aliyefiwa na mama yake akiwa na miaka minane. Alipiga simu usiku. Alikaa kimya nikadhani salio limekatika. Kisha akauliza: "Huyo mtoto anayelia ni mimi?" Nikamwambia ndiyo, bibi amesema ni wewe.

Sasa turudi kwenye pleya na bati, maana najua mjomba ananisoma. Nilimwambia wazi kwamba mashine naitaka mimi, na nitalipa zaidi ya yule mtu wa mjini. Akanijibu kiutu uzima: "Mjomba, nyumba haiezekwi kwa maneno. Weka bati hapa." Nikakopa kwa mshkaji, nikajibana miezi mitatu, bati zikapanda mlima juu ya bodaboda, chache chache. Upande wa chumba cha bibi ukaezekwa. Jikoni bado panavuja, na kila nikienda mjomba hasahau kunionyesha tone linapodondokea. Hataki kuamini kwamba ile Philips ingeuzwa kwa mtu mwingine nyumba isingepata hata upande huo. Mimi naona nimelipa bei ya haki, yeye anaona nimepata zali. Ndugu ndivyo walivyo.

Wewe kijana mwenzangu unayetaka kuanza ugonjwa huu, chukua haya ya bure. Mashine iliyolala miaka usiichomeke ukutani moja kwa moja. Mwambie fundi aiwashe kwanza kwa kuunganisha globu ya kizamani, ile yenye waya ndani, kwenye njia ya umeme. Globu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, jua ndani kuna shoti, na mashine yako imepona kuungua. Angalia kitufe cha volti nyuma, usije ukaipa 230 mashine ya 110. Kapasita ndizo zinazozeeka mapema, zibadilishe kabla hazijaua vitu vya bei mbaya. Kitufe cha sauti kikikwaruza, mara nyingi ni vumbi tu, kinataka dawa ya kupuliza. Santuri zisimamishe wima kama vitabu, mbali na jua, na sindano iliyochoka itupe, kwa sababu inachimba wimbo badala ya kuusoma. Santuri nzito za mizunguko 78 zinataka sindano yake pana, na nyingi usizipitishie spiriti hata siku moja, inayeyusha. Maji, tone la sabuni na kitambaa laini vinatosha.

Na kabla hujauliza mashine ni bei gani, fungua mlango wake uone ndani kuna nini. Kaseti isiyo na maandishi ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Mtu aliyerekodi nyimbo za redio angalau aliandika jina la bendi. Aliyeongea mwenyewe hakuona haja, kila mtu nyumbani alijua ni nani. Uliza leo, wakati yupo mtu anayeweza kukuambia mwendo ukiwa sawa. Sauti ya Mbaraka nitaipata kwa wengine hata nikiharibu santuri yangu. Kasi ya sauti ya mama mkubwa aliijua mtu mmoja tu, na mtu huyo ana miaka zaidi ya themanini.

Ni hayo kwa leo. Philips ya babu sasa inaimba, ipo kichwani mwa kitanda, na mwenye nyumba ameanza kunitoza umeme wa ziada japo inatumia mawe. Kama mtaani kwenu kuna deki ya kaseti inayongoja kutupwa, niambie nije niione. Belti ninazo.